Sauti ya Robo ya Mwisho

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Wale wenzako wa dobi la hoteli wameshazoea ukali wako, au bado wanajificha kwenye mashuka? Sisi huku hatujambo. Mdogo wako bado ana wateja wa kunyoa, ingawa nywele zangu mwenyewe zinazidi kupungua na watu wanauliza kama nilijifunzia kazi kichwani mwangu. Binti yako ni mzima wa mwili, anakula, anakwenda shule. Nimeanza na hilo ili usiitupe barua ukakimbilia simu kabla hujafika mwisho. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami unanijua, nikikatizwa naanza kudanganya.

Nilikwambia ameingia timu ya mpira wa kikapu ya wasichana. Sikukwambia kwamba kucheza kwenyewe hajui sana. Amerithi mikono yangu, mpira ukimfikia unateleza kama sabuni. Lakini sauti ni yako. Ile sauti uliyokuwa ukiniitia nikaoge, nikaisikia nimejificha mtaa wa pili. Wenzake wakampachika jina la Spika. Kocha wao, ambaye siku za kazi ni fundi wa majokofu, aliona hapo pana mali. Akamfundisha kwamba mpinzani akiwa na mpira, amsogelee na kumpigia kelele, "Nyuma yako!" Mwenye mpira anageuka kuangalia nani anamjia, hakuna mtu, na mpira umeshaibiwa. Kocha aliiita kelele hiyo salamu.

Sisi wazazi na walezi tuliokaa pembeni tulikuwa hoi kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, nikawaambia walionizunguka kwamba koo hilo ni la kwetu. Mwamuzi, mwalimu mmoja mpole, aliwahi kumwambia kocha kwamba huo si uchezaji wa kiungwana. Kocha akamjibu kwamba mdomo haumo kwenye orodha ya faulo. Tukacheka tena.

Jumamosi moja tulicheza na timu ya ng'ambo ya reli. Tegemeo lao ni msichana mdogo wa umbo wanayemwita Cheche, na kwa kweli alikuwa anapita katikati ya wasichana wetu kana kwamba hawapo. Binti yako akamtolea ile salamu, Cheche akageuka, mpira ukaenda. Baadaye akamtolea tena, akageuka tena, na upande wetu wote tukaanza kuitikia kwa pamoja kama kwaya ya walevi. Nikaona macho ya yule mtoto yanalengalenga. Wakati wa mapumziko kocha wake alimshika mabega akamwambia, kwa sauti iliyotufikia hata sisi, kwamba kuanzia pale asikie asikiacho, asigeuke. Hata akisikia anaitwa na mama yake, asigeuke.

Sasa, jua lilikuwa kali, na kamati ya wazazi ilikuwa imetufungia turubai la kivuli. Pembe mbili zilishikizwa kwenye uzio na mbili kwenye nguzo ya kikapu. Nguzo zenyewe ni zile za magurudumu, huwekewa mifuko ya mchanga chini zisitembee. Robo ya mwisho upepo uliinuka ghafla. Turubai lilijaa kama shavu la mtu anayepuliza moto, na sisi tuliokuwa chini yake tukawa tunashika kofia zetu. Cheche alikuwa chini ya kikapu hicho, nguzo iko mgongoni kwake, mpira mkononi, anatafuta wa kumpasia. Binti yako alikuwa mbele yake. Nikaisikia sauti, "Nyuma yako! Nyuma yako!" Watu wetu wakacheka. Cheche alitabasamu, dada. Nilimwona. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kumjua tapeli wake, akabaki palepale. Turubai likaing'oa nguzo, ikamwangukia.

Walimbeba juu ya mlango wa stoo ya vifaa, wakampandisha kwenye gari la yule mwalimu. Jioni tukaambiwa kwamba uti wa mgongo umeumia na miguu haina hisia. Mtaani hadithi ikawa moja tu, kwamba Spika alimzuga mwenzake mpaka akaangukiwa na chuma. Shule ikamsimamisha kucheza. Anapoingia dukani, watu wananyamaza. Naye akanyamaza kabisa, hata chumvi anaiomba kwa kidole. Mimi nikaanza kufunga mlango mapema. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilinifanya nizime taa, nikijua ndugu za yule mtoto wamefika.

Alikuja mmoja tu, baba yake, asubuhi, kibandani kwangu. Nilimtambua kwa mabega, kwa kuwa ndiye aliyeinua nguzo uwanjani. Ni mpagazi wa ghalani, shingo kama kinu. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti, akajifunga kitambaa mwenyewe, akasema anataka kunyolewa ndevu. Nilimpaka povu mpaka masikioni kwa woga. Hebu fikiria, mwenye wembe ni mimi, na anayetetemeka ni mimi. Nilipomaliza shavu moja nikashuka kooni, akanishika mkono, taratibu tu.

"Kinyozi," akasema, "wangu anasema alisikia. Alisikia akaamua asigeuke. Nataka kujua kitu kimoja. Wako aliiona ile nguzo, au alikuwa anacheza?"

Dada, acha nikuungamie. Sikujua, kwa sababu sikuwa nimemuuliza. Tangu siku ile nilimpikia, nilimpigia pasi sare, nilimtania mpaka nikajichosha mwenyewe, ila swali hilo sikuligusa. Niliogopa ataniambia alikuwa anacheza. Na kama angeniambia hivyo, ningekuandikia nini wewe? Nilimweleza yule bwana hivyohivyo, povu linamkaukia shavuni. Akaniachia mkono.

"Basi kamuulize," akasema. "Hata mimi naogopa."

Akaondoka amenyolewa upande mmoja.

Nilifunga kibanda nikaenda kumsubiri langoni mwa shule. Nilimuuliza tukiwa tunatembea, ili nisilazimike kumtazama usoni. Akaniambia aliiona. Aliona kamba imekaza na nguzo inainama, akataka kusema neno lingine lolote, kimbia, toka hapo, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea lile moja, na ndilo lililotoka.

"Nililisema kweli, Mjomba," akasema. "Na nilimwona hajaniamini."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu. Akaniuliza nani angemsadiki. Kwenye hao wasiomsadiki, wa kwanza nilikuwa mimi.

Jana tulikwenda hospitali. Nilitaka nitangulie mimi niwalainishe watu kwa maneno, si unajua vinyozi, lakini akakataa. Cheche alikuwa amelazwa kiubavu, ametazama dirisha, mgongo umeelekea mlangoni. Baba yake yuko kwenye kiti, ndevu bado za upande mmoja. Binti yako alifungua kinywa pale mlangoni, akakifunga. Hakuthubutu kumwita kutoka nyuma. Akavua viatu, akazunguka kitanda mpaka upande wa dirisha, akachuchumaa mahali macho yao yangekutana, ndipo akaongea, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu baba yule akisikiliza, kisha akaficha uso viganjani.

Nilidhani Cheche atatufukuza. Badala yake akamwambia binti yako kwamba daktari amemtaka kila siku ajaribu kuchezesha vidole vya miguu, naye kutoka pale alipolala havioni. Baba akiangalia husema vinacheza kidogo. Muuguzi naye husema vinacheza kidogo.

"Wewe niangalizie," akasema. "Niambie kweli."

Binti yako akainua shuka. Aliangalia kwa muda mrefu, machozi yanamdondoka juu ya godoro, kisha akasema, "Bado."

Cheche akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Akamwambia aje na kesho.

Kwa hiyo dada, usije kwa hasira, na usimpigie simu ukamfokea. Madaktari hawasemi ndiyo wala hapana. Mimi naogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa na wembe mkononi, kwa sababu sasa najua atakachotuambia binti yako pale kitandani ndicho kitakachokuwa kweli.

Nisalimie wenzako wote wa dobi, na yule msimamizi unayesema ananuna kama mimi. Jitunze. Kalamu naiweka hapa, kwa kuwa mwenzangu wa kwenda hospitali ameshavaa viatu, yuko mlangoni ananisubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Kinyozi