Simu Juu ya Injini

Kaka,

Huku watoto wazima, kuku wanataga, paa halivuji tena. Gari la baba nalo limepona, na kwa kuwa ulitukataza kufungua boneti bila kukupigia, ngoja nikueleze.

Lilichemsha njiani. Nikakupigia, nikashika simu juu ya injini usikilize, kama ulivyotuzoesha. Ukasema plagi. Nikazichomoa, nikazisugua juani kama mwendawazimu. Ukasema basi ni betri. Betri, kaka, gari linafuka mvuke! Fundi alipofika hakusikiliza kitu. Aliinama tu, akaona mpira wa rejeta umepasuka na maji yote yamemwagika. Akafunga mwingine, akajaza maji, tukaondoka.

Usinijibu habari za mpira. Nijibu hili: ulipofoka, "Huyo anayekohoa hapo anyamaze, nasikiliza injini!" hukuitambua sauti?

Alikuwa mama. Tulikuwa tunampeleka hospitali. Alikusikia vizuri sana, akajiziba mdomo kwa mtandio mpaka tukafika. Wamemlaza. Na hata huko wodini, kikohozi kikimjia, bado anajiziba mdomo.

Ni mimi dada yako, na simu juu ya injini sishiki tena.