Nikikitoa Kibao, Watasema Nimevuliwa Uchifu

Mpendwa mshauri Mama Esaaba, naomba msaada na naomba upesi, maana leo ni Jumatano, keshokutwa naitwa polisi, Jumapili asubuhi naitwa kwa chifu, mke wangu anacheka, mama yangu analia, na mimi mwenyewe sijui nifungue skrubu au niziache zilivyo.

Mimi ni muuza tairi hapa Takoradi na si mtu wa kujisifu, lakini miaka miwili iliyopita niliwachimbia watu wa kwa mama yangu, mji mdogo wa Besekrom, kisima cha pampu, nao kwa shukrani wakanipa cheo cha nkosuohene, yaani chifu wa maendeleo, wakanivika nguo, wakanipaka unga mweupe, wakanibeba mabegani mpaka mmoja wao akateguka kifundo cha mguu, na mimi Mama ni mtu niliyerudia darasa la sita mara tatu, sijawahi kupewa kitu mbele ya watu isipokuwa viboko, kwa hiyo siku hiyo nililia na wala sioni haya kusema.

Sasa rafiki yangu Fiifi, anayeandika vibao vya maduka, akaiangalia Corolla yangu akasema, "Nana mzima, chifu mzima, unatembea na namba kama teksi? Umeona wapi gari la chifu lina tarakimu?" Nami nikaona kweli, maana machifu wakubwa ninaowaona misibani magari yao yameandikwa jina la kiti cha uchifu tu, basi akanitengenezea vibao viwili, mbele na nyuma, vyekundu, herufi za dhahabu, NKOSUOHENE 1, na pembeni mchoro wa bomba linalotoa maji, nikavifungua vile vya serikali nikavisukuma chini ya siti ya abiria. Mke wangu Ekua alipoona akaniita kwa jina la binti yetu, akauliza, "Baba Kukua, wewe ndiye wa kwanza, haya, wa pili ni nani?" Nikakaza skrubu.

Mama, nisikudanganye, zile wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Walinzi wa benki walinipigia saluti, muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akaniongezea samaki bila kuombwa, na kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliinama dirishani akasema, "Nana, pita, pita," nikaanza kupunga mkono kwa vidole viwili tu, maana vitano niliona ni vingi kwa mtu wa hadhi yangu.

Halafu ukaja msiba wa mji wa jirani, Jumamosi iliyopita. Vijana wa kuongoza magari waliona kibao, wakakimbia mbele yangu wakifukuza watu, wakaniegesha karibu na turubai la machifu, nikaletewa mwavuli mkubwa, ngoma zikapigwa, nikakalishwa safu ya mbele kwenye kiti chenye mito. Nilitaka kusema jamani mimi siye chifu mnayemdhania, lakini mdomo ulikuwa umeshajaa nyama. Na hapo ndipo alipofika Nana Amoa Bentil, chifu wetu halisi wa Besekrom, aliyenipa cheo, amekuja na pikapu yake yenye matope na namba ya kawaida ya serikali, hakuna aliyemtambua, wakamwelekeza nyuma, akakaa kiti cha plastiki kando ya friji la soda, na kila mtu aliyetaka maji alimwambia, "Mzee, samahani, sogea kidogo." Nikamwona. Akaniona. Mama, sijui shetani gani alinishika, nilimpungia. Kwa vidole viwili.

Jumapili msemaji wake alikuja na fimbo yake ya dhahabu mpaka hapa dukani akasimama kati ya tairi na wateja, akasema, "Nana anakusalimu. Anasema Jumapili ijayo uje na kondoo wawili, pombe kali chupa mbili, na hicho kibao. Na Nana anauliza, pampu je?" Hilo la pampu naomba lisikupotezee muda, mpini wake ulikatika tangu harmatani, ule msimu wa upepo wa vumbi, nimeshawaambia nitaleta, ni shughuli tu.

Juzi tena pale kwenye kizuizi nilimkuta askari wa kike, mgeni, hana hata tabasamu, akazunguka gari mara mbili akaniuliza, "Nkosuohene moja ndiyo namba gani? Hii gari umeisajili wapi, mbinguni?" Nikamwambia mimi ni chifu. Akasema, "Sawa, Nana. Basi Ijumaa lete gari la Nana kituoni likiwa na namba za Nana za serikali." Nikakimbilia ofisi ya leseni nikaomba basi wanisajilie jina hilohilo kihalali, nasikia watu wanalipia majina yao, karani akaniambia cheo si jina langu, nilete kwanza barua ya chifu aliyenipa. Chifu yupi? Huyohuyo wa kando ya friji.

Mke wangu amekataa kupanda gari, anakwenda kanisani kwa miguu na wenzake wanampisha njia wakisema, "Karibu, Nambari Mbili!" Mama yangu naye amenishika mikono akasema, "Mwanangu, ukikitoa tu, soko zima litasema wamekung'oa kitini. Mimi nitauza nyanya zangu nikiwa nimejifunika uso?" Na hilo ndilo linaloniua, Mama Esaaba, maana hiki cheo ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa. Nikikitoa kibao nimejivua mwenyewe, nikikiacha nitavuliwa na polisi pamoja na chifu. Nifanye nini? Nijifanye mgonjwa Jumapili?

Ni mimi, Nana Asiyelala, Takoradi.

MAMA ESAABA ANAJIBU

Nana Asiyelala, barua yako nimeitanguliza mbele ya watu wenye ndoa zinazoungua, kwa sababu ya hiyo Ijumaa yako. Naomba wenye ndoa waniwie radhi.

Kwanza pole. Mtu aliyezoea viboko akibebwa mabegani lazima kichwa kizunguke, na sitakucheka kwa machozi ya siku ile. Nitakucheka kwa mengine. Fiifi alikuvisha kilemba cha ukoka, wewe ukaenda kukifungia skrubu mbele na nyuma.

Namba ya gari si pambo, mwanangu. Ipo ili ukimgonga mbuzi wa watu ukakimbia, mwenye mbuzi ajue akutafute wapi. Ukitaka kujipamba, pamba kioo cha nyuma, pamba usukani, vaa hata taji ukiwa unaendesha, lakini namba iliyosajiliwa ikae mahali pake ionekane. Huyo askari asiye na tabasamu amekuwa mpole kwako kuliko nitakavyokuwa mimi. Unaposoma hapa, weka gazeti chini, chukua bisibisi, toka nje. Nakusubiri.

Umerudi? Sasa tuzungumze. Umejaza karatasi tatu kwa habari za kibao, na pampu umeipa mstari mmoja, tena unaniomba nisipoteze muda nao. Harmatani imekwisha miezi mingapi? Wanawake wa Besekrom wanateka wapi maji? Usinijibu, najua, wanarudi kijitoni na ndoo vichwani, wakati bomba lako la dhahabu linatoa maji kwenye Corolla mjini Takoradi. Umepata muda wa kuchagua rangi ya herufi, umekosa muda wa kutafuta mpini! Hapo nimekasirika kweli.

Na unadhani Nana Amoa Bentil kaudhika kwa sababu ya kiti chenye mito? Mtu anayekwenda msibani na pikapu yenye matope na namba ya kawaida, akasogea kila alipoambiwa sogea, huyo hana njaa ya viti. Angetaka, angesema neno moja tu ukaondolewa na mito yako. Alinyamaza akakusitiri mbele ya mji mzima. Ungekuwa na akili ungeinuka palepale ukampa nafasi, na watu wangekuheshimu mpaka leo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo jiandae kuinama. Ijumaa nenda kituoni na namba zako za serikali, mwambie yule dada samahani, na usitaje uchifu hata kidogo. Jumamosi, alfajiri, nenda Besekrom na fundi na mpini mpya. Usiende na mpiga picha. Usiondoke kisimani mpaka maji yametoka na ndoo ya kwanza imejaa, na hiyo ndoo umtwike mwenyewe atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni. Mkeo mwombe muende wote. Atakataa, mwombe tena.

Jumapili, ugonjwa wa kujifanya sahau. Egesha mbali, vua viatu, shusha nguo begani kwa heshima, na upeleke kondoo wawili, pombe na kibao kama ulivyoambiwa, usianze kupatana bei kama unauza tairi. Sema kupitia msemaji wake, na useme maneno haya tu: "Nilikalia kiti chako nikakuona umekaa kando. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Ukimtaja Fiifi nitajua.

Mama yako mpe haya asome. Mama, salamu. Soko litasema, ndiyo, litasema siku nne, kisha bei ya mafuta itapanda na watakuwa na la kusema zaidi. Nawe uza nyanya zako uso wazi. Mwanao aliwapa watu maji kabla hajawa na cheo chochote, na hilo ulimlea wewe.

Sasa wewe, Nana. Akikuvua cheo, inama, shukuru, urudi nyumbani. Akikuachia, inama, shukuru, urudi nyumbani. Usiniandikie Jumatatu kunieleza lipi limetokea, sitaki kujua. Niandikie mwakani, katikati ya kiangazi, uniambie kama pampu inatoa maji.