Mwanahawa wa Newala

Songea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza maana nakujua, barua isiyo na shikamoo ungeikunja ukaiwekea sufuria juu. Goti linasemaje? Kaka Masanja ananiambia umeanza tena kwenda shamba kwa mguu, na ukikatazwa unajifanya husikii. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa. Nalala na soksi na lile sweta la marehemu Baba ulilonifungashia nikadhani unanitania.

Kila ukinipigia unauliza kwa nini sauti yangu imepoa, nami nasingizia mtandao. Si mtandao, Mama. Kuna jambo limenikaa kifuani na kwenye simu halisemeki. Nimeona niliandike, tena kwa mkono. Mwalimu mmoja jirani yangu anakwenda likizo kwao Nzega na atapitia hapo Tabora, bahasha nitampa yeye.

Unamkumbuka bosi wangu, Wakili Haule. Ni mtu mzuri, na hilo naliandika mapema ili usije ukamlaani kabla hujafika mwisho. Ana kesi nyingi kuliko nywele zake, na mwaka huu aliweka kwenye kompyuta ya ofisi programu ya akili mnemba. Unaiandikia swali kama unavyomtumia mtu meseji, nayo inakuandikia jibu kama wakili aliyebobea: mikataba, barua za madai, hoja za mahakamani, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kazi ya wiki nzima inaisha chai haijapoa. Mawakili wengi hapa mjini wanaitumia, wengine waziwazi, wengine kama watu wanaokwenda kwa mganga, ukiwauliza hata njia ya kwenda hawaijui. Mimi niliifurahia, nisikudanganye.

Basi akaja mteja mmoja, Bi Somoe, mama wa umri wako, kutoka kijiji kilicho jirani na Mbesa, huko wilaya ya Tunduru. Mumewe alipofariki, mashemeji zake walimtoa kwenye shamba la mikorosho ambalo yeye na marehemu walilipanda wangali vijana. Kesi ya kwanza alishindwa hukohuko Tunduru, akakata rufaa Mahakama Kuu hapa Songea, akahamia mtaa wa Mjimwema kwa binti yake Zainabu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila akija ofisini anavua kandambili mlangoni, umwambie usimwambie.

Wakili Haule aliiagiza ile programu imtafutie hukumu ya zamani inayofanana na kesi ya Bi Somoe, maana jaji akioneshwa kwamba mahakama iliwahi kuamua hivyo, mzigo unakuwa mwepesi. Ikaleta. Kulikuwa na mjane wa Newala, Mwanahawa binti Ligoma, aliyefukuzwa na mashemeji kwenye mikorosho yake, akaenda mahakamani akarudishiwa shamba lote. Jina la jaji lilikuwepo, na hata maneno yake, kwamba mahakama haiwezi kumwita mgeni mtu aliyechimba shimo la kila mkorosho kwa jembe lake mwenyewe. Nilipoyasoma nilisisimka. Wakili Haule akayaingiza kwenye hoja kama yalivyo, halafu akanituma nimweleze mteja.

Nilimsomea pole pole. Bi Somoe akajifuta uso kwa pindo la kanga.

“Huyo Mwanahawa yu hai?”

“Sijui, mama. Hukumu haisemi.”

“Ana watoto?”

“Wanne, imeandikwa hapa.”

“Na mimi wanne,” akasema. “Wawili wako kaburini. Kumbe si mimi peke yangu, mwanangu.”

Tangu siku hiyo Mwanahawa akawa mtu wa ofisini kwetu. Bi Somoe akifika anasalimia, anauliza kesi imefikia wapi, kisha ananiambia amemwombea dua mwenzake wa Newala baada ya swala ya alfajiri. Siku moja mashemeji wakatuma mtu kuleta suluhu, shamba ligawanywe nusu kwa nusu na kesi iishe. Wakili Haule alimshauri alifikirie sana jambo hilo. Akakataa palepale.

“Mwenzangu alipata lote,” akasema. “Mimi nikichukua nusu, siku nikikutana naye nitamtazama vipi?”

Tulicheka, Mama. Na mimi nilicheka.

Zainabu akajifungua salama mtoto wa kike, na Bi Somoe akaomba aachiwe yeye kumpa jina. Akamwita Mwanahawa. Wakaniletea sahani ya pilau ofisini, nikaila yote.

Ikaja siku ya mahakama. Wakili wa upande wa pili akasimama, akasema kwa upole kabisa kwamba ameitafuta ile hukumu na hajaiona mahali popote. Jaji akataka nakala. Wakili Haule akaomba muda, tukarudi ofisini. Nilipekua hukumu zote zilizowekwa mtandaoni, nikapiga simu masjala, nikawauliza mawakili wa Mtwara niliosoma nao. Hakuna kesi hiyo, wala jaji wa jina lile hakuwahi kuwepo. Mwisho nikaiuliza programu yenyewe. Ikaniomba radhi kwa adabu zote, ikasema inaelekea hukumu hiyo haipo. Rafiki yangu anayezijua programu hizi alinieleza kwamba haikusudii kudanganya. Inaunga maneno yanayoelekea kufuatana, na pale inapokosa mtu, inamtunga.

Hapo ningezima kompyuta nikaenda zangu. Sikuzima. Nikaandika: nieleze habari za Mwanahawa binti Ligoma wa Newala. Ikaniambia ni bibi mwenye wajukuu, anaishi kwenye shamba lake, anapendwa na majirani. Nikauliza tena swali lilelile. Ikaniambia alifariki kabla hukumu yake haijasomwa. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanapita nje wanaongea, lakini niliinuka nikawasha taa. Unajua mimi siogopi maiti, Bibi alipofariki nilisaidia kumwosha. Lakini maiti aliwahi kuwa mtu. Huyu sijui nimwite nini, na tangu siku ile ananifuata. Nikiwa sokoni, nikiona mama ameinamia fungu la dagaa, najikuta nimesimama kumtazama uso nikidhani ndiye. Nikisoma hukumu ya kweli yenye majina ya watu wa kweli, najiuliza kama na hawa walizaliwa. Naogopa, Mama. Naogopa kitu ambacho hakipo, na siwezi kumwambia mtu hapa maana watanicheka.

Wakili Haule alirudi mahakamani, siku hiyo Bi Somoe amebaki nyumbani na mjukuu, akaungama mbele ya watu, jaji akamkemea vikali, na ile hoja ikaondolewa. Zilizobaki hazikutosha. Rufaa ikatupwa. Na mashemeji hawataki tena kusikia habari za nusu kwa nusu, kwa nini watake? Bi Somoe hana mkorosho hata mmoja sasa.

Tulipomwita ofisini kumwambia, Wakili Haule alisema kwamba hukumu ya Mwanahawa haikupatikana. Aliishia hapo, na mimi niliyekuwa pembeni nikaikodolea macho kalenda ya ukutani. Bi Somoe ndiye aliyetufariji sisi.

“Karatasi zinapotea, wanangu,” akasema. “Panya nao wanakula. Lakini mtu hapotei hivihivi. Nitakwenda mwenyewe Newala nikamtafute, aje aseme kwa mdomo wake.”

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Jumamosi Zainabu akanipigia simu. Mama yake alikuwa anafunga mzigo, kesho yake angepanda basi la Tunduru, aunganishe hadi Newala, aulize nyumba kwa nyumba.

“Anasema akimpata atamwambia ana somo wake huku Mjimwema,” Zainabu akasema. “Dada, njoo uongee naye. Mimi hanisikii.”

Nikaenda. Nilimkuta uani kwenye mkeka, mtoto mapajani, begi limefungwa kamba kando yake. Nikavua viatu nikakaa naye. Nikamwambia yote: kwamba mashine ndiyo iliyomtunga Mwanahawa, kwamba si Newala wala kwingine kokote alikozaliwa mwanamke huyo, na kwamba mimi ndiye niliyemsomea habari zake bila kuhakikisha. Zainabu aliingia ndani akalia huko. Bi Somoe hakulia.

“Na wale watoto wake wanne?”

“Hawapo, mama.”

“Na shamba lake?”

“Halipo.”

Akamtazama mjukuu wake aliyelala. Akamtengenezea kofia, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama hataki mtoto asikie:

“Sasa huyu nimempa jina la nani?”

Nilikaa pale, hakunifukuza. Baadaye alifungua begi, akatoa doti ya kanga mpya aliyokuwa amemnunulia mwenzake wa Newala, akaniwekea mapajani.

“Chukua wewe,” akasema. “Mimi simjui tena wa kumpa.”

Kanga hiyo ipo hapa kitandani wakati nakuandikia. Kuivaa siwezi, na kuirudisha nitamrudishia kwa maneno gani? Wakili Haule anatafuta njia ya kwenda Mahakama ya Rufani bila kumtoza Bi Somoe kitu. Nimemwomba hoja niandike mimi, na kila hukumu nitakayoitaja niwe nimeisoma yote kwa macho yangu. Amekubali bila kubisha, jambo ambalo si kawaida yake. Kama tutafika popote, sijui.

Mwambie kaka Masanja aache kukununulia dawa za goti kwa wachuuzi wa stendi, akupeleke hospitali. Nisalimie wifi yangu Regina, mkewe, na karanga alizonitumia nilizimaliza kwa aibu. Shangazi Kabula, mlezi wetu sote, mpe shikamoo yangu na umwambie bado sijaolewa, asiulize tena. Wewe usihangaike na mimi, nakula vizuri, na nitazoea.

Ila nina ombi. Jumapili ukienda kanisani, mwombee Bi Somoe, na umtaje kwa jina lake. Yeye yupo, Mama. Nimekaa naye mkeka mmoja.

Ni mimi, kitinda mimba wako,

Nyamizi