Plasta Kwenye Skrini

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko. Mimi mzima. Mama kikohozi kimepungua, ila moyo bado unamsumbua. Salamu ziishie hapo, maana nina hasira na wewe.

Hiyo programu mliyotuletea wodini imenichosha. Nataka kumpa mgonjwa dawa: ukurasa wa jina, bonyeza "endelea", ukurasa wa dawa, bonyeza "endelea", kisha ukurasa wa kuniuliza kama nina uhakika. Huku nyuma mwingine anatapika. Weka kila kitu kwenye skrini moja: wagonjwa wote, dawa zote, saa zote. Mmejifungia ofisini mkatuchorea mapambo.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, mpe mama pole.

Skrini unayoitaka ni vurugu za sokoni. Wewe umezoea, utapita umefumba macho. Muuguzi aliyeanza juzi atapotea, atampa mtu dawa ya jirani yake. Ndiyo maana nampeleka hatua kwa hatua. Na usiseme sikuuliza. Nilikuja, ukaniweka benchini asubuhi nzima, kisha ukaniambia una kazi.

Tangu utotoni ukishataka jambo, hakuna mwingine mwenye akili.

Mdogo wako

15 Machi

Marahaba. Mama anakusalimu.

Nimekwenda kwa mkurugenzi. Amesema skrini moja, la sivyo kampuni yenu ikatafute hospitali nyingine. Utanuna mpaka uchoke.

Msimamizi wa Wodi

2 Aprili

Msimamizi,

Natumaini u mzima.

Umeshinda. Skrini ni moja na kila kitu kiko juu yake, kama ulivyoagiza. Maonyo nayo yako pale kwenye kona, makubwa na madogo, yote mekundu. Mtu akichelewa kumeza vitamini, onyo litawaka. Ningeweza kuyapanga kwa uzito, lakini hukuagiza.

Fundi wako

20 Aprili

Fundi,

Mama nimemlaza hapa wodini kwangu, moyo umemzidia. Usihangaike kuja, yuko na mimi.

Kona yako inawaka kutwa kucha kwa upuuzi. Nimeibandika plasta, sasa tunafanya kazi kwa raha. Ungenisikiliza mapema tusingefika huku kote.

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama amefumbua macho leo, ameomba maji. Najua umeshaambiwa, ila nataka usikie na kwangu. Jana tulikaa mlango mmoja wa chumba cha mahututi na hatukusemeshana, kwa hiyo naandika.

Nilipita wodini nikaibandua plasta yako. Chini yake onyo lilikuwa bado linawaka kwenye jina la Mama: mgonjwa huyu ameshapewa dawa ya moyo. Muuguzi wa asubuhi alishampa, wewe ukampa tena. Plasta ni yako. Rangi ni yangu. Niliyapaka maonyo yote rangi nyekundu makusudi, ili uchoke na skrini yako unirudie. Sikuombi radhi, na yako siitaki. Bado nimekukasirikia.

Mama kaniuliza mbona hatuongei. Nimemwambia ni mambo ya kazi tu. Hakuamini.

Jumatatu asubuhi nakuja. Nitasimama nyuma ya kiti chako mpaka zamu iishe, nione macho yako yanaanzia wapi, na ya yule muuguzi mgeni yanapotelea wapi. Tukigombana, tutagombana hapo hapo mbele ya skrini.

Usiniweke benchini.

Mdogo wako