Prosesa Niliyoificha Kwenye Droo

Jumanne, baada ya Magharibi

Basi nimemwambia mwanangu ukweli. Jana daktari alisema wazi kwamba moyo wangu umechoka, na sikutaka kuondoka na uongo wa kijinga namna hii.

Mwanangu Abdu anatengeneza kompyuta kule Gulu. Zamani alikuwa akinipigia simu siku ya Idi tu. Tangu nimwambie nataka kuunda kompyuta yangu hapa nyumbani, anapiga kila jioni tubishane: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iwe ya kampuni yenye boksi la buluu au ya ile yenye boksi jekundu? Yeye ni wa buluu, hasikii la mtu. Mimi nilijifanya sijaamua.

Kumbe nilishanunua nyekundu, katika duka moja pale Wandegeya, wiki tatu zilizopita. Imo kwenye droo, chini ya dawa. Niliogopa kwamba nikiamua, simu zitakoma. Tangu mama yake afariki, nyumba hii...

Leo alinicheka. "Mzee, mama ulimchumbia kwa siku mbili. Hiki kidude mwezi mzima?"

Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Nikamweleza yote.



"Kwa hiyo jioni zote hizi, Baba..."

"Nilitaka kukusikia tu."

Akakohoa kidogo. "Usiiguse hiyo nyekundu yako. Mikono yako inatetemeka, utazipinda zile pini zake ndogo. Nakuja Jumamosi, tuifunge pamoja. Na bado nasema umekosea."

Sijali kukosea. Ee Mola, nipe siku nne tu.