Safari ya Baiskeli Ilinifikisha kwa "Mke" wa Mume Wangu

Shangazi mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema nina wivu, maana hilo dada yangu ameshalisema na halikunisaidia kitu. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu anaongoza safari za baiskeli, asubuhi anawatoa wageni mjini, anawapitisha vijijini na mashambani, jioni anawarudisha wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na miaka saba tumeishi vizuri katika vyumba vyetu viwili nyuma ya duka langu, ingawa mtoto bado hatujajaliwa. Mwezi uliopita akaja mteja, mama wa makamo, suruali yake imeng'atwa na mnyororo wa baiskeli, na mimi nikiwa napima kiraka akanionyesha picha kwenye simu. "Huyu kiongozi wetu, na huyu mkewe. Walitupokea kwao vizuri sana." Nikatazama, kiongozi ni mume wangu, mke si mimi.

Nilipomuuliza alicheka. "Ile ni kazi tu, mke wangu. Wageni wanapenda kufika kwa kiongozi wao. Sasa niwalete hapa waone nini, cherehani? Yule ni mkulima, tumekubaliana naye aseme hivyo."

Nikarudi kwenye cherehani, lakini moyo ulikataa kutulia, kwa sababu tangu siku hiyo simu yake inalala kifudifudi, na akiosha baiskeli anapiga mluzi, jambo ambalo sikulijua kwake. Basi Jumamosi iliyopita alipopangiwa njia nyingine nikamwambia naenda kwa dada, kumbe nimevaa kofia ngumu na miwani ya jua, nimejiunga na kundi lake la kawaida chini ya mwenzake asiyenijua, nikapanda vilima saa tatu nzima, na kukalia kiti cha baiskeli mpaka leo nakaa upande. Tukafika kwenye nyumba kando ya shamba la maharage, yule mwanamke wa kwenye picha akatuletea maji, akasema bila kusita, "Karibuni, mume wangu leo yuko safari nyingine, anawasalimu." Kulikuwa na mtoto wa kike kama wa miaka minne. Mgeni mmoja akamuuliza baba yake anaitwa nani, mtoto akamtazama mama yake usoni kwanza, ndipo akataja jina la mume wangu. Hapo nikapumua, nikasema moyoni, kweli wamefundishwa. Nikaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, na kwenye kamba nikakuta shati la bluu la mume wangu, ambalo aliniambia limechanwa na miiba akalitupa. Kola yake niliigeuza mwenyewe, mshono wangu siwezi kuusahau, na shati lenyewe halina hata tundu.

Nimerudi nyumbani, akaniuliza, "Dada hajambo?" Nikamjibu hajambo. Shangazi, nimwamini mtoto au niliamini shati?

Fundi wa Nyuma ya Duka

JIBU

Fundi, pole. Wivu haupandi vilima saa tatu, kwa hiyo hilo la dada yako tuliache.

Mtoto anayemjua baba yake hahitaji ruhusa ya kumtaja, na hapo mumeo huenda anasema kweli. Lakini shati la maigizo halihitaji uongo wa miiba. Angeweza kukwambia, "Nimempa yule mama alianike wageni walione," na wewe ungenuna siku moja, yakaisha. Mtu hufunika pale panapomuuma. Kinachomuuma ni nini, mimi sikijui, na wewe pia hukijui, kwa hiyo acha kulala na jibu ulilojitungia.

Sasa nikugombeze. Yule mwanamke alisimama mbele yako na maji mkononi, ukanywa, ukashukuru, ukaondoka. Ulikwenda kote huko kutafuta ukweli, ukaihoji nguo. Na uongo wa kwa dada ni wako, si wa mumeo.

Tena kuna neno ulilipita haraka, mimi likanifanya niweke kalamu chini. "Waone nini, cherehani?" Hata kama hakuna mwanamke mwingine, mumeo anaionea haya nyumba yenu mbele ya watu. Hilo nalo mlizungumze, msilizike chini ya lile la kwanza.

Fanya hivi. Kwanza mwambie ulikokuwa Jumamosi, bila kulia na bila kumtukana. Kisha mwambie siku ya kwanza isiyo na wageni mnakwenda wote wawili, mchana, kwenye nyumba ile. Akikubali, nendeni. Akianza kuumwa mgongo, au baiskeli ikaharibika ghafla, au akasema yule mama kasafiri, nenda na dada yako.

Ukifika usivae miwani. Msalimie mwenye nyumba, ukae, kisha sema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, "Mimi ndiye mkewe." Baada ya hapo usiongeze neno. Mtazame mumeo, umwache azungumze yeye; kama hakuja, mwache mwenye nyumba azungumze.