Nilisikia Baridi, Nikasema ni Bwana

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia univumilie, maana nilifundisha Kigiriki cha kale chuoni kwa muda mrefu kiasi kwamba siwezi kuungama dhambi bila kwanza kuigawa katika vipengele. Kusanyiko letu ni dogo, la Kipentekoste, katika bonde la mto hapa New Brunswick, mashariki mwa Kanada, na kwetu mtu akinena kwa lugha ibadani sharti apatikane mwingine wa kufasiri, kama Mtume Paulo alivyoagiza, na mwenye karama hiyo ni Ndugu Carleton, ila Ndugu Carleton huenda Florida theluji inapoanza na kurudi inapoyeyuka, wala hakuna aliyewahi kuuliza inakuwaje karama ya Roho ihame kwa majira kama bata bukini.

Mapema mwezi huu Dada Arvilla alinena kwa lugha, akamaliza, akaketi, kikashuka kimya ambacho uzito wake wanaujua waliokulia katika makanisa kama letu, kwa kuwa kadiri kinavyorefuka ndivyo inavyodhihirika kwamba ama Mungu hakusema ama sisi hatukusikia. Mchungaji akafumbua jicho moja, akanitazama, na waumini nao wakageuka mmoja mmoja, maana ndimi niliyefundisha darasa la watu wazima juu ya karama za Roho, na nadhani walihitimisha, kama nilivyohitimisha mwenyewe katika dakika ile ya upumbavu, kwamba mtu anayejua Kigiriki hashindwi na lugha nyingine yoyote. Nilikuwa nimeketi kando ya dirisha bovu, na mtambo wa kupasha joto ulikuwa umekufa tangu Alhamisi. Nikasimama, nikakisikia kinywa changu kikisema: "Ewe uliyekaa muda mrefu mahali pa baridi, inuka, uende penye joto, wala usitazame nyuma." Sehemu tatu, zimepangika vizuri. Nilipoketi nilikuwa na furaha, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Garini mke wangu Muriel aliniuliza, "Mzee, yule aliyesema alikuwa Bwana au magoti yako?"

Nikamwambia asifanye mzaha na mambo matakatifu.

"Sifanyi mzaha," akasema. "Mimi ndiye ninayeyapaka dawa."

Sasa sikiliza yaliyofuata. Dada Thelma, mjane wa kanisani kwetu, ana binti kule British Columbia, upande wa pili wa nchi, ambaye kwa miaka amekuwa akimsihi ahamie kwake, kwenye hali ya hewa ya upole, naye amekuwa akikataa. Siku ile aliondoka ibadani akampigia simu binti yake, kisha jirani ambaye amekuwa akiitamani nyumba yake, na Ijumaa hii anatia saini ya kuiuza. Nilikwenda kumwona nikitumaini kwamba nimesikia uvumi. Nilimkuta akiviringisha chupa za jemu kwenye magazeti.

"Ndugu, kusema kweli sikutaka kwenda," akaniambia. "Nyumba hii Clayton wangu aliijenga kwa mikono yake. Lakini Bwana akishasema, mimi Thelma ni nani nimbishie?"

Kisha akanishika mkono akanishukuru, nami, Mshauri, nikapokea shukrani, na kipande cha keki.

Nikisema ukweli, Dada Arvilla ataaibika, na Mchungaji pia, kwani amekwisha kunipa nafasi ya Carleton hadi theluji iyeyuke, na imani ya wadogo itatikisika. Tena huenda Mungu aliyemtumia punda wa Balaamu kusema anaweza kuyatumia magoti ya mstaafu, na hoja hiyo ninaweza kuitetea kwa kurasa nyingi. Je, ninyamaze?

Punda wa Bondeni

*

Mpendwa Punda,

Jibu hili nimekutumia kwa barua pepe kabla ya kulipeleka kwa mchapaji, maana Ijumaa hailingoji gazeti.

Kwanza, usijipandishe cheo. Punda wa Balaamu alimwona malaika. Wewe uliona dirisha bovu.

Kimya kile nakijua, nimewahi kuketi ndani yake, na sikulaumu kwa kukiogopa. Makanisa yamejaa watu waliopata huduma zao kwa sababu mtu fulani aligeuka akawatazama. Lakini wewe ulikuwa mwalimu wa darasa. Sura ileile ya Paulo uliyoifundisha inawataka wengine wapime kinachosemwa, na kusanyiko zima halikupima, kwa kuwa aliyesema ana shahada. Elimu nayo ni karama, na siku ile kazi yake ilikuwa moja tu: kusema "sijui".

Dada Arvilla mwache. Aliyoyanena ni kati yake na Mungu wake. Usijifiche nyuma ya gauni lake. Imani ya wadogo nayo itatikisika zaidi Thelma akiwa ameketi ugenini, akijiuliza kwa nini Bwana alimtaka alie.

Umeniandikia habari za Kigiriki, bata bukini na magoti, lakini kiini cha barua yako ni maneno mawili ya mjane: sikutaka kwenda. Hayo ulisemewa usoni, kwa lugha unayoijua. Ndiyo ufasiri pekee uliotakiwa kwako mwezi huu, nawe ukala keki.

Basi nenda leo. Usipige simu. Mchukue Muriel, atakukanyaga mguu utakapoanza kipengele cha pili. Sema: "Nilisikia baridi, nikasema ni Bwana. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Akikasirika, simama ukasirikiwe. Usimshauri abaki, umekwisha kumwamulia mara moja. Akitaka kumrudia jirani avunje mapatano, fuatana naye, aibu iwe yako. Na kama bado atakwenda, basi atakwenda kwa hiari yake, nawe utabeba masanduku.

Jumapili simama mbele ya watu walewale, useme sentensi ileile, na umrudishie Mchungaji nafasi ya Carleton. Jumatatu mwite fundi wa ule mtambo, ulipe mwenyewe.

Na siku Dada Arvilla atakaponena tena, kimya kikashuka, Mchungaji akafumbua lile jicho moja, kaa papo hapo ulipo. Vaa sweta.